Taka za Uyoga si Rangi, Lakini Usizitupe

Katikati ya karne ya 19, meli zilizotia nanga Unguja zilikuwa zikipakia pembe, karafuu, sandarusi na ngozi, na pembeni ya hizo magunia mepesi ya kitu kilichofanana na nyuzi kavu za kijivu. Yakiitwa malele. Hayakuwa majani wala magome. Yalibanduliwa kwenye vigogo vya miti na kwenye mawe ya pwani, kuanzia Benadir, pwani ya Somalia, kuteremka kusini, yakaanikwa, yakashindiliwa na kupelekwa Ulaya, na katika soko la London yalijulikana kwa jina la bandari yalikotoka. Viwandani huko yalitoa zambarau ya kutia kwenye hariri na sufu.

Malele ni laikeni, yaani kuvu na mwani mdogo wa kijani walioshikamana wakaishi kama kiumbe kimoja. Kuvu ndiye mwenye nyumba. Mwani kazi yake ni kupika chakula kwa mwanga wa jua. Kwa hiyo ndugu wa uyoga alikwisha kuwa bidhaa ya rangi Unguja kabla hata kanga haijaanza kuvaliwa. Nalitaja hilo mapema kwa sababu siku hizi, kwenye mafunzo ya ujasiriamali, rangi ya uyoga huelezwa kama jambo jipya lililozuka juzi. Mkulima wa uyoga mamama huambiwa kwamba ule mfuko wa mabua anaoutupa baada ya mavuno unaweza kugeuka rangi ya nguo, na mwenye karakana ya batiki Mji Mkongwe anauliza kama ni kweli au ni maneno ya wauza semina. Jibu langu ni fupi. Ukitafuta rangi yenyewe, taka hizo hazitakufikisha mbali. Lakini zipo kazi mbili zinazoizunguka rangi ambazo taka za uyoga huziweza, na hizo ndizo zinazostahili maelezo.

Turudi kidogo kwenye malele, maana yanafundisha zaidi ya yanavyodhaniwa. Ukiyachemsha hivi hivi hupati zambarau hata tone. Ndani yake mna asidi zisizo na rangi. Zikilowana na amonia huvunjika na kutoa orsinoli, na orsinoli ikipata amonia zaidi pamoja na hewa hugeuka polepole, kwanza nyekundu, kisha zambarau. Mchanganyiko huo wa mwisho huitwa oseini. Zamani amonia haikuuzwa kwenye chupa; chanzo chake kilikuwa mkojo uliochacha. Watu wa Florence wakilowesha laikeni za Mediterania ndani yake, wakikoroga kila siku ili hewa ipenye, kwa wiki kadhaa. Familia ya Rucellai ya mji huo ilipata utajiri wake, na hata jina lake, kwenye kazi hiyo yenye harufu. Ile karatasi ya litimasi ambayo mwanafunzi wa sekondari huichovya kwenye asidi na besi nayo asili yake ni laikeni za jamii hiyo, na oseini ingali ikitumika maabara kutia rangi kromosomu ili zionekane kwenye hadubini.

Mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, akitafuta kwinini jijini London, aliambulia zambarau iliyotokana na lami ya makaa ya mawe. Haikuiua biashara ya malele siku hiyo hiyo. Miaka hiyo mafundi wa Lyon, Ufaransa, walikuwa wamepata njia ya kuifanya zambarau ya laikeni ivumilie zaidi, na kwa muda kidogo ushabiki wa zambarau uliokuwa umewavaa wanawake wa Ulaya ulizifaa rangi zote mbili. Baadaye viwanda vya Ujerumani viliishusha bei ya rangi za kutengenezwa mpaka hakuna aliyeona haja ya kungoja kuvu ichache. Malele yakasahauliwa, na leo ni wachache Unguja wanaolijua jina hilo.

Kwa nini zambarau hiyo haikutiwa kwenye nguo hapa hapa? Siasa za biashara zina sehemu yake, lakini jibu moja liko kwenye uzi. Nguo ya Unguja ilikuwa pamba: merikani ya viwanda vya Massachusetts, kaniki ya bara Hindi, baadaye kanga. Zambarau ya malele hushika hariri na sufu, ambazo ni protini, na hushika bila dawa yoyote ya kusaidia. Kwenye pamba huteleza. Jambo hilo halihitaji maabara kulithibitisha, biharusi analijua. Hina ikikaa usiku kucha kwenye viganja na nyayo hukolea, kwa kuwa ngozi ni protini, na kwenye nywele vivyo hivyo. Tone lile lile likidondoka kwenye kanga huacha doa la rangi ya chai ambalo hupungua kila kanga inapofuliwa. Mtu yeyote anayekuuzia ujuzi wa rangi za asili bila kukuuliza kwanza nguo yako ni ya uzi gani, mwache aende zake.

Sasa uyoga wenyewe. Uyoga wenye rangi upo, tena mwingine ni wa ajabu. Msanii Miriam Rice wa Mendocino, California, alianza kuuchemsha pamoja na sufu mwishoni mwa miaka ya 1960, akatoa kitabu mwaka 1974, na wafumaji wa nchi za kaskazini ya Ulaya wakaichangamkia kazi hiyo. Uyoga wa jamii ya Cortinarius una antrakwinoni, kundi lile lile la kemikali lililotoa nyekundu ya kale kutoka kwenye mizizi ya mmea wa Rubia. Pisolithus, unaofanana na kiazi kilichochafuka na huota chini ya mikaratusi na misonobari, hutoa kahawia na rangi ya dhahabu iliyokolea.

Tatizo ni kwamba uyoga wa namna hiyo haulimwi kwenye mifuko. Unaishi kwa ubia na mizizi ya mti ulio hai: unaupa mti maji na madini, mti unaupa sukari. Ukiutenga na mti wake hauzai. Uyoga unaolimwa bandani ni wa tabaka jingine kabisa, wale wanaokula kilichokwisha kufa. Uyoga mamama, ambao kitaalamu ni Pleurotus, hula mabua, maganda na mbao zinazooza, na mwili wake ni mweupe au wa kijivu kwa sababu hauna rangi ya kutosha kumpa mtu. Uchemshe utakavyo, utapata supu.

Basi yabaki yale mabaki. Mfuko wa uyoga huanza na mabua ya mpunga kutoka mabonde kama Cheju, au majani makavu ya migomba, yaliyochemshwa au kupigwa mvuke ili kuua vijidudu. Hupandwa mbegu, hufungwa, na baada ya wiki tatu hivi huwa mweupe kote kwa nyuzi za uyoga. Mavuno huja kwa awamu, kila awamu ndogo kuliko iliyotangulia, mpaka mfuko unachoka. Kwa makadirio yanayotumika sana duniani, kila kilo moja ya uyoga wa sokoni huacha nyuma kilo tano hivi za mabaki mabichi. Tanzania haijakosa malighafi za kuanzia: utafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba hata makapi yanayobaki baada ya kusindika mkonge yanaweza kuotesha aina tatu za uyoga wa porini unaoliwa. Kwa hiyo taka zipo, na zitaongezeka kadiri hoteli za pwani zinavyozoea kununua uyoga wa karibu.

Ukizichemsha taka hizo, maji yatageuka rangi ya chai hafifu. Tia pamba iliyopitishwa kwenye shabu, utapata krimu. Ongeza maji ya kutu, utapata kijivu chenye kahawia. Sikatai kwamba ni rangi, na zipo nyumba za mitindo zinazoweza kuipa jina zuri na bei kubwa. Lakini mabua yasiyowahi kuota uyoga wowote yangekupa rangi hiyo hiyo au inayokaribiana nayo, maana inatokana na majani yenyewe. Kuiita rangi ya uyoga ni kumdanganya mnunuzi.

Faida ya kwanza ya kweli iko kwenye yale mashina magumu ya uyoga yanayokatwa na kutupwa kabla ya kufungasha. Ukuta wa chembe za uyoga umejengwa kwa kaitini, kitu kile kile kilichojenga gamba la kaa na la kamba. Kaitini ikipikwa kwenye magadi makali ya viwandani hugeuka kaitosani, ambayo huyeyuka kwenye siki. Hapo ndipo inapokutana na tatizo letu la pamba. Pamba ikiwa majini hubeba chaji hasi, na tanini pamoja na rangi nyingi za mimea hubeba chaji hasi vile vile, kwa hiyo zinasukumana. Kaitosani hubeba chaji chanya. Nguo iliyochovywa kwanza kwenye maji ya kaitosani huivuta rangi ambayo peke yake isingeishika, na hukolea kwa malighafi pungufu.

Ningependa kusema kina mama waanze kesho, lakini sitasema. Magadi ya kupikia maharage hayafanyi kazi hiyo. Inahitajika sodiamu hidroksidi nzito, iliyochemka, inayoweza kumpofua mtu kwa tone moja. Na kinachopatikana ni asilimia chache tu ya uzito wa mashina yaliyokaushwa. Hiyo ni kazi ya maabara ya chuo yenye miwani, glavu na mtu aliyesomea. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kikiipenda, kuna masomo ya wanafunzi kadhaa hapo. Jikoni, hapana.

Faida ya pili ndiyo inayonipa matumaini, na haihusu kutia rangi bali kuiondoa. Uyoga mamama huweza kula ubao kwa sababu una vimeng'enya, hasa lakase, vinavyovunja lignini, ile gundi ngumu inayoushikilia mti usimame. Molekuli za rangi nyingi za viwandani zina pete za kaboni zinazofanana na za lignini, na kimeng'enya hakichagui sana, huzishambulia nazo. Maabara za nchi nyingi zimeonyesha mabaki ya mifuko ya uyoga yakiyafanya maji ya samawati na mekundu yawe karibu meupe, baadhi ya rangi kwa saa chache, nyingine kwa siku kadhaa, nyingine zikigoma kabisa.

Tazama hali ya karakana za batiki. Rangi nyingi za pamba hushikishwa kwa chumvi na magadi soda, na sehemu isiyoshika huoshwa na kumwagwa. Kwa rangi fulani inaweza kufika theluthi moja au kuzidi. Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, umejengwa juu ya rasi iliyoingia baharini. Kinachomwagwa uani kinajua njia ya kufika majini. Na kisiwa chenyewe ni jiwe la chokaa lenye matundu: upande wa mashariki, kwenye uwanda, maji ya juu hushuka kwenye visima upesi kuliko watu wanavyodhani.

Pipa lililotobolewa chini, likajazwa mabaki ya mifuko yaliyochambuliwa, linaweza kuwa chujio la kwanza la karakana ndogo. Masharti yake yapo. Mfuko uwe bado mweupe na wenye harufu ya uyoga. Ukishaota ukungu wa kijani, kuvu nyingine imeshika nyumba. Maji ya batiki hutoka yakiwa na magadi mengi, na lakase haipendi magadi. Hupenda uchachu kidogo. Kwa hiyo yakusanywe kwanza, yaachwe yapoe, yazimuliwe kwa maji ya kawaida, yatiwe siki mpaka karatasi ya litimasi ianze kuelekea wekundu, ndipo yapitishwe polepole. Sehemu ya rangi itavunjwa na vimeng'enya, sehemu itanaswa tu kwenye mabua. Hii tofauti si ndogo. Kilichonaswa kingali rangi, kimehama tu kutoka kwenye maji kwenda kwenye mabua, na mabua hayo hayafai tena kuwekwa bustani ya mchicha. Wala maji kuwa meupe hakumaanishi kuwa ni salama kunywa au kunyweshea. Rangi ikivunjika vipande vyake vinabaki, na baadhi ya vipande vina sumu. Pipa linapunguza mzigo unaokwenda baharini. Mwenye kuliuza kama mtambo wa kusafisha maji anatia chumvi.

Rangi yenyewe basi itoke wapi? Unguja na Pemba zimejaa taka za shamba zenye rangi kuliko mfuko wowote wa uyoga. Kinachotafutwa ni tanini, ile inayokausha ulimi ukitafuna ndizi mbichi, kwa sababu tanini ndiyo inayoshika pamba na kuishikia rangi nyingine.

Chukua makonyo, vile vijiti vya karafuu. Kiwanda cha makonyo Pemba huyapiga mvuke ili kupata mafuta ya karafuu. Mafuta huruka na mvuke, tanini hairuki. Maana yake makonyo yaliyokwisha kutoa mafuta yangali na kile anachokitaka mtia rangi, tena bila ile harufu kali inayofanya chumba cha kazi kisikalike. Kahawia inayotoka humo ni ya joto, na ukiipitisha kwenye maji ya chuma huwa kijivu cheusi. Kama ningepewa fedha ya mradi mmoja tu wa rangi visiwani, ningeiweka hapo kabla ya kufikiria uyoga.

Makumbi ya nazi nayo yamo. Wanawake wa pwani ya mashariki huyafukia ufukweni kwa miezi ili yalainike yapigwe na kusokotwa kamba, na wanajua maji yanayoyazunguka hugeuka mekundu ya chai. Hiyo ni tanini inayopotea. Makumbi makavu yaliyokatwakatwa na kulowekwa siku mbili kabla ya kuchemshwa hutoa rangi kati ya pinki iliyofifia na kahawia.

Mikoko ndiyo bingwa, na ndiyo inayoniogopesha. Gome la mkandaa na la mkoko lina tanini nyingi mno. Wavuvi wa zamani walichemshia nyavu za pamba ili zisioze, na gome la mikoko ya mwambao wetu lilisafirishwa ng'ambo kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Java, Indonesia, gome la mkandaa huingia kwenye kahawia maarufu ya batiki yao, kwa hiyo mti uliowapa wenzetu sifa unao mlangoni kwako, Chwaka. Lakini mti uliobanduliwa gome kuuzunguka hufa umesimama. Misitu ya Zanzibar inalindwa na sheria namba 10 ya mwaka 1996, na Jozani pamoja na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa hifadhi mwaka 2004. Gome pekee ninalolikubali ni lile la boriti na pau zilizokatwa kwa kibali, zinazomenywa kabla ya kujengea. Hilo hutupwa, na pipa moja la maganda hayo lina tanini ya kutosha kazi ya mwezi.

Kuhusu manjano na mzingifuri nitasema kwa ufupi. Watembeza wageni wa mashamba ya viungo hupenda kupasua tunda la mzingifuri na kumpaka mgeni midomoni, na ni onyesho zuri. Rangi zote mbili hukolea mara moja, zinapendeza kuliko zote nilizozitaja, na jua huzila upesi. Usimuuzie mtu shuka la manjano kwa bei ya kitu kitakachodumu.

Namna ya kufanya haina siri. Kwa nusu kilo ya nguo au chane kavu za ukili, chukua makonyo au makumbi makavu uzito huo huo au zaidi, yaloweke usiku kucha, yachemshe taratibu saa moja, uyachuje. Nguo ifuliwe kwanza kwa sabuni na magadi mpaka maji yasitoe tena utelezi wala umanjano, kwani pamba mpya ina nta, na nta hukataa kila kitu. Itie kwenye maji ya tanini yenye joto, iache ipoe humo. Kisha ipite kwenye shabu, lile jiwe jeupe la dukani la kutuliza maji: gramu 60 hadi 75 zinatosha kwa nusu kilo. Rudisha kwenye rangi. Ukitaka kijivu au cheusi, tumia maji ya misumari yenye kutu iliyolowekwa kwenye siki, kidogo mno, kwani chuma kikizidi hukaanga uzi, na nguo itaanza kupasuka penyewe baada ya mwaka. Vitabu vya zamani vinataja pia kromiamu na mrututu. Vifunge vitabu hivyo.

Anza na ukili kabla ya pamba. Chane za mkindu zina lignini, na tanini huzipenda; rangi hukolea kwa nusu ya taabu. Pete, jirani na Jozani, ushirika wa Moto ulikwisha kupata wateja kwa ukili uliotiwa rangi za mimea, kwa hiyo soko si ndoto. Wanawake wengi wa shamba wangali wakichemsha chane zao kwa rangi za unga za dukani bila glavu, wakiinama juu ya mvuke, na vidole vyao hukaa na rangi kwa siku. Hawa wangefaidika na makumbi kuliko mwenye karakana yeyote wa mjini.

Maji yana neno lake pia. Maji ya kisima cha Unguja yamepita kwenye chokaa, na kalisi iliyomo hufifisha tanini na kuacha mabaka. Fundi anayefuata kipimo cha kitabu cha Ulaya akapata rangi chafu huilaumu shabu, kumbe lawama ni ya maji. Vuna ya mvua za masika ukiweza, na weka ndoo hizo kwa ajili ya rangi tu. Kwa kusuuza tumia yoyote. Na kuni: sufuria inayochemka saa tatu kwa mkaa wa mikoko haina haki ya kuitwa rafiki wa mazingira, hata ikiwa na makonyo matupu ndani. Ndoo nyeusi yenye kifuniko ikiachwa juani mchana kutwa, siku tatu au nne, hutoa tanini karibu sawa na moto.

Kabla hujauza chochote, kata vipande viwili vya kitambaa ulichokitia rangi. Kimoja kifue kwa sabuni ya mche mara tano. Cha pili kifunike nusu kwa kadibodi, kiweke juani wiki mbili, kisha ufunue. Tofauti utakayoiona kati ya nusu mbili ndiyo atakayoiona mteja wako akiisha kurudi kwao, na ndiyo atakayoisimulia.

Kwa mwenye banda la uyoga, ushauri wangu ni huu: mifuko iliyochoka wape wenye karakana za batiki za jirani wajaribu pipa, na inayobaki, ambayo haijagusa rangi, iozeshe uipeleke kwenye migomba. Kwa wenye batiki: acheni kumwaga maji ya rangi uani kuanzia wiki hii, hata kama pipa bado hamjalipata, yakusanyeni kwanza. Na kwa wanaosimamia makonyo Pemba: gunia moja la makonyo yaliyokwisha kutoa mafuta, likipelekwa kwa wasusi wa ukili wa Unguja kwa majaribio, lingetuonyesha mengi kuliko semina tatu za rangi ya uyoga.